Anti, mdogo wangu alikatwa mguu ili apone, sasa wanasema imehamia kwenye mapafu

Shikamoo Anti,

Nisamehe kama nitaandika hovyo, kioo cha simu kimepasuka na naandikia chooni maana ndo sehemu pekee hapa nyumbani mtu hawezi kuja kuchungulia naandika nini. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa kwanza, tuko Kihonda hapa Morogoro. Baba alishatangulia, tumebaki na mama na wadogo zangu watatu, na ninayetaka kumuongelea ni yule wa tatu, saivi ana miaka 19.

Ilianza 2023 katikati. Dogo alikuwa winga, yani mpira ndo maisha yake, goti la kushoto likaanza kumuuma. Kinachonitesa mpaka leo ni kwamba lilikuwa linauma usiku, mchana anacheza fresh, usiku anang'ata shuka. Sisi tukajua ameumia uwanjani. Mama akampeleka kwa mzee mmoja anachua watu, kachuliwa wiki tatu kwa mafuta ya kondoo, na kila akichuliwa goti linazidi kuvimba mpaka suruali ya shule ikawa haipandi. Zahanati wakatupa diklofenaki. Tulipofika hospitali kubwa ndo wakapiga eksirei, dokta akaiweka kwenye taa akaiangalia akanyamaza, akaandika rufaa ya Dar siku hiyo hiyo.

Dar wakachukua kinyama wakapima, majibu yakaja osteosakoma, kansa ya mfupa wa paja karibu na goti. Siti skani ya kifua wakati ule ilikuwa safi. Hilo neno safi nalikumbuka sana maana mama alipiga kigelegele pale koridoni watu wote wakageuka. Wakaanza kemo, ile nyekundu, siku ya kwanza dogo akakojoa mkojo mwekundu akaja kuniita anatetemeka akijua anatokwa damu, kumbe ndo dawa yenyewe. Nywele zikaisha, kope zikaisha. Novemba 2023 wakamkata juu ya goti, walisema uvimbe umeshakumbatia mishipa mikubwa ya damu hawawezi kuutoa wakauacha mguu. Akaendelea na kemo mpaka Mei 2024 wakasema amemaliza.

Na kweli Anti aliamka. Alipata mguu bandia, akamaliza form four, akajifunza kutengeneza simu, ana meza yake ndogo pale stendi, na anajitania mwenyewe kwamba yeye viatu ananunua pea moja anavaa miaka miwili. Kliniki tulikuwa tunaenda kila miezi mitatu. Mwaka huu tukaruka mbili. Sikufichi, hela ya nauli na ya siti skani haikuwepo, na yeye alikuwa mzima anaenda kazini, tukasema tutaenda mwezi ujao, mwezi ujao ukawa miezi sita.

Oktoba tukaenda. Karatasi inasema vinundu viwili pafu la kulia, kimoja milimita 9 kingine milimita 6. Dokta mmoja kijana alinikuta koridoni dogo yuko kwenye benchi kule mbali, akaniambia "imerudi, imeenda mapafuni, mjiandae", kisha simu yake ikaita akaondoka. Tujiandae na nini? Nilimuambia dogo mashine ilikuwa mbovu majibu bado. Karatasi nimeificha kwenye pipa la unga. Kila jioni akirudi ananiuliza "sista, picha imesemaje?" halafu ananiangalia usoni, na mimi sijui kudanganya, Anti, nageukia jiko.

Nilimwambia baba mdogo tu, na ndo nimeharibu. Kasema yeye alisema tangu mwanzo kansa haiguswi na kisu, ukiigusa inakasirika inasambaa, na kwamba mguu wenyewe tuliuacha hospitali wakauteketeza badala ya kuuleta tukauzika kwenye makaburi yetu, ndo maana dogo usiku anasema vidole vya mguu ambao haupo vinamwasha. Hilo la vidole ni kweli anasema. Sasa baba mdogo kapata mtu ana unga wa mizizi unayeyusha uvimbe, dozi nzima laki sita, anataka Jumamosi wampeleke na hela itoke kwenye kile kiwanja cha marehemu baba tulichobakiza. Mama hajui kitu, anasali tu anajua mwanae kapona.

Anti, tulikosea kumkata? Hizo kliniki mbili tulizoruka ndo nimemuua mdogo wangu? Kuna mtu anapona ikishafika mapafuni au dokta alimaanisha tununue sanda? Na nimwambie au nimwache aendelee kufurahi hizi siku?

Dada mtu, Kihonda

*

Marahaba mwanangu,

Toka kwanza huko chooni ukae mahali penye hewa, jibu hili ni refu.

Wanaonisoma siku zote wanajua, ila wewe huenda hujui, kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilikuwa nesi, na miaka mingi niliimalizia wodi ya mifupa. Mimi siyo daktari na sitajifanya nimeona picha ya mdogo wako. Ila vijana wa aina yake, wa kati ya miaka 10 na 20, wale wanaorefuka haraka, wanaokuja na goti lililovimba na harufu ya mafuta ya kuchulia, nimewapokea wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hii kansa inapenda umri huo na inapenda maeneo ya goti. Kwa hiyo hamkuwa wajinga kusema ni mpira. Kila mama wa kijana mcheza mpira angesema ni mpira.

Nianze na la Jumamosi kwa sababu Jumamosi haingoji. Hiyo laki sita isiende kwa mtu wa mizizi. Hiyo ndo hela ya nauli, ya vipimo na ya kulala Dar, na katika jambo hili wiki nne mpaka sita zijazo zina thamani kuliko kiwanja chenyewe. Huo unga hakuna anayejua una nini ndani, na mdogo wako figo zake zimeshabeba kemo kali na huenda zitatakiwa kubeba nyingine, sasa ukimjazia kitu kinachochosha figo au ini halafu akafika kwa daktari vipimo vya damu vibaya, wataahirisha upasuaji wenyewe. Nimeliona hilo, mtu anakosa nafasi yake kwa sababu ya chupa ya dawa iliyofichwa chini ya kitanda.

Nimesema upasuaji, na najua hapo umeshtuka, maana huyo dokta wa koridoni hakukwambia kuna kitu kama hicho. Ngoja tufike.

Kwanza hili la kisu. Baba mdogo wako hayuko peke yake, nimesikia sentensi hiyo hiyo kutoka kwa wachungaji, kwa masheikh, hadi kwa mwalimu wa baiolojia. Ilivyo ni hivi. Osteosakoma siku inapoonekana kwenye eksirei kwa mara ya kwanza, mara nyingi imeshatupa mbegu kwenye damu, na damu yote inapita kwenye mapafu kwa hiyo mbegu zinakwama huko. Ni ndogo mno, hakuna siti skani inayoziona. Ndo maana picha yenu ya 2023 ilikuwa safi na bado hakuna aliyewadanganya, safi ilimaanisha hakuna kinachoonekana. Kabla ya hizi kemo kushika kasi miaka ya 1970, watu walikuwa wanakatwa tu mguu basi, na karibu 8 kati ya kila 10 kansa iliwarudia, wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na karibu wote kwenye mapafu. Sasa mtu anaweza kusema si umeona, kisu! Lakini kemo zilipoongezwa, kisu kikabaki kile kile, wakataji wale wale, na idadi ikageuka, kati ya watu 10 ambao kansa ilikutwa haijaonekana kusambaa, 6 mpaka 7 wakawa wanavuka miaka mitano. Kama kisu ndo kingekuwa kinasambaza, kemo ingesaidia nini? Zile mbegu zilikuwepo kabla ya kisu. Ni kama kukata mti ambao mbegu zake zilishadondoka shambani, huwezi kulaumu panga kwa miche inayoota msimu unaofuata.

Kuna vijana wawili wa huko Amerika ya Kaskazini, habari zao ziko wazi dunia nzima, huwa nawapa watu kama mfano. Mmoja ni Ted Kennedy mdogo, mtoto wa yule seneta wa Marekani, alikatwa mguu wa kulia 1973 akiwa na miaka 12, akapewa dawa ambazo wakati ule zilikuwa bado za majaribio, akakua, akaoa, akaja kuwa seneta wa jimbo la Connecticut na mguu wake wa bandia. Mwingine ni Terry Fox wa Canada, naye mguu wa kulia, alikatwa juu ya goti 1977 akiwa na miaka 18. Naye alipata kemo. Mwaka 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi nzima na mguu wa bandia kuchangisha hela za utafiti, siku 143, kilomita 5,373, mpaka kifua kikamkatalia, kupima imerudi kwenye mapafu, akafariki Juni 1981. Mguu ule ule, kansa ya mfupa, muongo mmoja. Mmoja ilirudi mwingine haikurudi, na hakuna hata mmoja ambaye ungeweza kumwambia mama yake amekosea kumpeleka akatwe. Bila kukatwa huo mguu usingebaki mguu, ungekuwa uvimbe unaopasuka, unaonuka, unaovuja damu, na mtoto analia usiku na mchana. Mguu wa mdogo wako ulimnunulia form four, meza ya stendi na utani wa viatu. Usikubali mtu akuambie ulipotea bure.

Hivyo vidole vinavyowasha ni mishipa ya fahamu iliyokatwa inayoendelea kupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo bado una ramani ya mguu mzima. Tulikuwa tunawawekea kioo kirefu katikati ya miguu, mgonjwa anaangalia mguu mzima ukichezeshwa kwenye kioo ubongo unadhani ni ule mwingine, unatulia. Kuna na vidonge vya bei rahisi vya kutuliza mishipa, aulize. Hayahusiani kabisa na mguu kuzikwa wapi, japo mimi binafsi naona hospitali zetu zingewauliza ndugu kwanza kabla ya kuteketeza, ni heshima ndogo tu haigharimu kitu. Ila akikuambia kigutu chenyewe kinauma kwa kukishika, au kuna uvimbe mpya, hapo siyo ubongo tena, kikaguliwe.

Sasa vinundu.

Milimita 9 na milimita 6, hebu chukua punje ya hindi na punje ya dengu uziweke kwenye kiganja. Ndo hivyo. Viwili, pafu moja. Mimi nikisoma hapo, kabla ya kusoma neno "mjiandae", nasema huyu kijana ana kitu cha kupigania. Na kwanza hakuna mtu amethibitisha ni nini. Nchi yetu hii kifua kikuu kimepita kwenye mapafu ya watu wengi, wengine bila hata kujua, na kinaacha makovu madogo ya duara yanayofanana na hivyo vinundu kwenye picha. Sikupi matumaini ya uongo, kwa mtu aliyewahi kuwa na osteosakoma na picha za mwanzo zilikuwa safi, kinundu kipya kinahesabiwa ni kansa mpaka kithibitishwe sicho. Lakini kuthibitisha ni kazi ya maabara, haifanywi kwa kusimama koridoni. Na ikiwa ndiyo, ujue hiyo siyo kansa ya mapafu, ni ile ile ya mfupa imehamia chumba kingine, hata ukikikata kinundu chenyewe mara nyingi ni kigumu ndani kwa sababu zile seli zinaendelea kutengeneza mfupa hata huko. Ndo maana matibabu yake siyo ya kansa ya mapafu.

Swali la kumuuliza daktari ni moja na uliandike kwenye kiganja: je, vinaweza kutolewa vyote? Kansa nyingi zikishafika kwenye mapafu wapasuaji hawagusi. Hii ni tofauti. Hapa kuvitoa vyote ndo kitu kinachowatenganisha wanaoishi na wasioishi. Mpasuaji wa kifua anafungua katikati ya mbavu, anakata kipande kidogo cha pafu chenye kinundu kama kabari, anaacha pafu lililobaki. Na wapasuaji wengi wanapenda kuingiza mkono wapapase pafu lote polepole, vile unavyopapasa mchele kwenye ungo kutafuta mawe, kwa sababu siti skani huwa inaruka vingine na vidole vinavikuta. Akitoka hapo atakuwa na mpira kifuani unaotiririsha kwenye chupa siku kadhaa, na manesi watamsumbua apulize. Sisi tulikuwa tunawapulizisha glovu, pafu lifunguke. Inauma, sitakudanganya, mbavu zinauma kuliko mguu. Lakini kwa umri wake, baada ya wiki kadhaa anarudi kwenye meza yake.

Umeniuliza kuna mtu anapona. Wapo. Namba siyo nzuri kama za mwanzo na nitakupa zilivyo kwa sababu umeniuliza kama mtu mzima. Ukiwachanganya wote ambao imewarudia, wanaokuwa hai miaka mitano baadaye ni kama 2 au 3 kati ya 10. Ukiwatenga wale ambao vinundu vyote vilitolewa, inapanda kufika karibu theluthi moja na kuzidi kidogo. Ambao haikuwezekana kutoa, wanaofika huko ni wachache sana. Halafu kuna yanayosaidia: ikirudi baada ya miaka miwili ni afadhali kuliko ikirudi mwezi wa sita, vinundu vichache ni afadhali, pafu moja ni afadhali kuliko yote mawili. Mdogo wako hayo yote matatu anayo, hesabu mwenyewe, 2023 mpaka Oktoba. Na ujue inaweza kurudi tena hata baada ya hapo, wapo watu wamefunguliwa kifua mara tatu, mara nne, wanaishi katikati ya upasuaji na upasuaji, wanaoa, wanasoma. Kuhusu kuongeza kemo baada ya vinundu kutoka vyote, madaktari wenyewe hawakubaliani, wengine wanatoa wengine wanasubiri, kwa hiyo ukisikia maoni mawili tofauti usidhani mmoja ni mwizi.

Zile kliniki mbili. Mwanangu, kliniki za kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza zipo kwa sababu hii kitu ikirudi mapema haina dalili, hakohoi, hapungui, anaenda kazini kama kawaida, picha tu ndo inaona. Kwa hiyo ndiyo, ni afadhali msingeruka. Lakini uliyeruka kwa sababu ya nauli siyo muuaji, na vimekutwa bado ni punje. Kuna familia haikuruka hata moja wakakuta kumi. Hilo liache hapo, una kazi ya kufanya na mikono yote miwili inahitajika.

Kazi yenyewe ni karatasi. Watu hawaamini ninaposema hivi ila nimeona mgonjwa anarudishwa kutoka Dar mpaka kwao kwa kukosa karatasi moja. Nenda pale mlipotibiwa, dai nakala ya majibu ya kile kinyama cha kwanza. Dai na majibu ya mguu uliokatwa, maana baada ya kukata huwa wanaupima waone kemo iliua seli asilimia ngapi, 90 na kuendelea ndo wanasema dawa iliitikia vizuri, na hiyo itawasaidia kuchagua dawa ya sasa. Dai orodha ya kemo na dozi zake, hasa ile nyekundu, inaitwa doksorubisini, kwa sababu moyo una kiwango chake cha maisha cha hiyo dawa na kikishajaa hawaongezi, kwa hiyo apimwe na eko ya moyo. Na siti skani usichukue karatasi peke yake, omba CD ya picha zenyewe, za sasa na za 2023, mpasuaji anataka kuona kwa macho yake kinundu kimekaa wapi, maelezo ya mtu mwingine hayamtoshi. Kama masikio yake yanavuma au unaona anaongeza sauti ya simu kuliko zamani, sema pia, sisiplatini, dawa nyingine ya kemo, inafanya hivyo na wenyewe wagonjwa hawasemi.

Halafu omba rufaa iandikwe kwa mpasuaji wa kifua, kwa jina hilo, siyo "arudi kliniki baada ya mwezi". Kwa nyinyi wa Moro njia ni Dar, Muhimbili na Ocean Road wanazoea kukaa pamoja kujadili mgonjwa mmoja, na watu wa mifupa pale MOI wanaingia pia. Omba kesi yake ipelekwe kwenye kikao hicho, una haki ya kuomba. Kuhusu hela, kabla hamjauza hata tofali la kiwanja, ingia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wagonjwa wa kansa wasio na uwezo huwa wanapewa msamaha, sio wa kila kitu na sio bila foleni, nenda na barua ya serikali ya mtaa mkononi la sivyo utazungushwa. Na msipande basi, siku hizi treni ya umeme inawashusha Dar mapema na mtu wa mguu mmoja ananyoosha kigutu bila kukanyagwa.

Ikitokea mpasuaji ameangalia akasema haviwezi kutoka, hapo pia hamrudi nyumbani mikono mitupu. Kuna kemo nyingine, ifosfamaidi na etoposidi ndo zinazotumika sana, kuna mionzi kwa sehemu inayouma, na kuna mofini ya maji ya kunywa ambayo Ocean Road wanaitoa. Nakuomba ukisikia mofini usikimbie, haiui mtu inapopimwa vizuri, inamfanya mtu ale, alale, aongee na ndugu zake badala ya kugugumia.

Sasa huyu kijana. Miaka 19, mwanangu. Kifua ni chake. Hakuna daktari atamfungua bila yeye kutia saini, kwa hiyo hata ungetaka kuficha una siku ngapi? Na tayari anajua. Mtu aliyepitia kemo akiuliza "picha imesemaje" halafu anakuangalia usoni, anakupima wewe kama utaweza kumbeba. Kila jioni unapogeukia jiko unamjibu, tena unamjibu vibaya kuliko karatasi inavyosema, maana karatasi inasema viwili vidogo na mgongo wako unasema anakufa. Kaa naye pale stendi saa za jioni wateja wakipungua, usimkalishe chumbani kama kikao cha msiba. Mwambie "nilikudanganya, mashine haikuwa mbovu. Wameona vinundu viwili vidogo pafu la kulia, bado hawajapima ni nini, inaweza kuwa imerudi, na kuna upasuaji wa kuvitoa. Nataka twende wote tukaulize." Kisha nyamaza. Akikasirika, akasirike, umemdanganya mwezi mzima. Akiuliza atakufa, usiseme hapana na usiseme ndiyo, sema hujui na kwamba mtajua pamoja. Kama hajawahi kuulizwa kuhusu kuzaa, mwambie amuulize daktari kabla ya kemo nyingine kuanza, hizi dawa zinagusa huko, na wewe dada mtu huwezi kumuulizia, atakufa kwa aibu kabla ya kansa.

Baba mdogo usimshushe heshima. Mpigie wewe, mapema, kabla ya Jumamosi, mwambie "baba, nimepata njia ya daktari wa kifua na tunahitaji mwanaume wa ukoo awepo siku ya kusaini." Wazee wengi wanaoleta mizizi wanaleta kwa sababu hawajapewa kazi nyingine ya kufanya. Mpe hiyo. Aende na nyie, asikie kwa masikio yake, amuulize mpasuaji hilo la kisu, atajibiwa. Na mama aambiwe na mwanae mwenyewe akiwa tayari. Sala zake ziendelee, hazigongani na dawa yoyote ile.

Utaniandikia wakishasema kama vinatoka. Na hiyo karatasi itoe kwenye unga leo leo, mama yako akisonga ugali jioni ataikuta yeye kabla ya mwenye kifua.